Andiko la miaka 5 na mvua ya Novemba

Jamani nimetuma. Juzi usiku saa tano na dakika arobaini, dedlaini saa sita, umeme ulikuwa umekatika nikawa natumia bando la simu na laptop ina asilimia 11. Nimelala kama gunia.

Ni andiko la kuomba fedha za utafiti za serikali, zile za muda mrefu, miaka 5. Kwa hapa kwetu nyingi zinapita COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986, kwenye mfuko wake wa MTUSATE, ule wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Mimi nafundisha chuo hapa Mbeya, na ninachotaka kuchunguza ni mnyauko wa viazi kule juu Isyonje, Uporoto.

Kama huujui huo ugonjwa, mmea unaamka umelala mchana kweupe na maji yapo. Mzee mmoja kule ndiye alinionyesha shambani kabla sijafikiria maabara: anakata kipande cha shina, anakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, baada ya dakika chache unaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka chini. Hao ndio bakteria wenyewe. Dawa ya kupulizia ikauponya hakuna, unakaa kwenye udongo miaka, unasafiri na mbegu, na jembe, mpaka na maji ya mfereji. Njia mojawapo ni kubadilisha mazao, uweke mahindi au ngano au pareto misimu kadhaa, na usije ukaweka nyanya maana nyanya naye ni ndugu yake kiazi, anaumwa huohuo. Sasa niambie, jaribio la namna hiyo utalifanyaje kwa mwaka mmoja?

Lakini kaka mmoja wa idarani, mzoefu, namheshimu sana, kasoma andiko akaniambia "Dokta punguza iwe miaka 2, watu wanataka matokeo ya haraka haraka." Nikakaa na hilo wiki nzima. Miaka 2 ningeandika nini, kwamba tumepanda mahindi na bado tunasubiri?

Halafu bangokitita, lile jedwali la mpango wa mradi. Shughuli, matokeo, kiashiria, kihatarishi, kila kitu kwenye kibox chake, na bajeti ya mwaka wa 5 unatakiwa useme leo mafuta ya gari yatakuwa shilingi ngapi. Nimeandika tu namba, Mungu anajua.

Ila kilichonitoa jasho zaidi ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, mvua zetu huku zinaanza Novemba mpaka Mei hivi. Ukisoma haraka unaona safi, miezi minne ya kujiandaa. Lakini kuna kamradi kadogo niliwahi kukapata, sitaji nani alitoa, hela ikaingia Februari. Ikaingia kweli, kamili, ila viazi vya watu vilishatoa maua. Hela ikichelewa miezi mitatu kwa mtu wa maabara ni miezi mitatu, kwa mtu wa shamba ni mwaka mzima, na Juni unadaiwa ripoti kama kawaida. Kwa hiyo safari hii nikaandika wazi kwenye kihatarishi: ununuzi wa mbegu safi na kukodi mashamba vije kwenye awamu ya kwanza, kabla ya Oktoba, posho za warsha zisubiri. Naona kuna watu hawatapenda hapo kwenye posho, haya.

Sahihi ya mkubwa chuoni nayo ilikula siku nne, yuko Dodoma, mhuri umefungiwa kwenye droo, funguo kaondoka nazo. Nimecheka siku nyingine kabisa.

Jibu litachukua miezi. Yule mzee nilipoenda kuomba shamba lake liingie kwenye utafiti alinijibu "mwalimu, nyie huwa mnakuja mwaka mmoja mnabeba udongo kwenye vimfuko mnapotea." Sikuwa na la kujibu maana vimfuko nilikuwa navyo mkononi. Jana kanipigia, shikamoo hata hajaimalizia kuipokea, anauliza: hela zimetoka? Maana anataka kujua kile kipande cha chini aweke viazi au mahindi.

Nimemwambia baba, weka mahindi.