Mama alipopata kiharusi: nani aliamua, na tulifikaje hapo

Watu wengi nnaoongea nao wanaamini ukishakuwa mume, mke au mtoto wa kwanza basi madaktari lazima wafuate unachosema. Sio hivo kila mahali. England na Wales kwa mfano, kwa sheria yao ya mwaka 2005 ya watu wasioweza kujiamulia, undugu peke yake haukupi mamlaka ya kukubali wala kukataa matibabu ya mtu mzima, daktari anawasikiliza ndugu afu anaangalia kinachomfaa mgonjwa, isipokuwa kama mgonjwa mwenyewe alishamteua mtu kisheria. Marekani majimbo mengi yana utaratibu wa nani anatangulia, kwa kawaida mwenza wa ndoa kwanza, afu watoto watu wazima, afu wazazi. Ndo maana mama akiwa bado mzima wa afya tuliuliza kwanza sheria ya tunapoishi inataka nini, mashahidi wangapi na nani haruhusiwi kushuhudia, ndo tukaandika karatasi ya kumteua mtu wa kumwamulia matibabu siku akishindwa kujiamulia mwenyewe.

Mama aliniteua mimi. Sio mkubwa kwetu, kaka yupo. Nilimuuliza kwa nini mimi akasema, "Wewe hata ukiwa unalia unasikiliza." Kusaini kwenyewe kulikuwa kwepesi, kazi ilikuwa maongezi, maana ilibidi nimuulize vitu ambavyo mtoto hapendi kumuuliza mzazi wake, mashine ya kupumulia unaitaka? ukilishwa kwa mrija je? Akasema mashine sawa kama kuna tumaini la kurudi akatujua, ila madaktari wakishasema fahamu haitarudi tena, aachwe apumzike na asisikie maumivu. Tukayaandika maneno yake vilevile kama alivyoyatamka, sikutaka lugha ya kiofisi. Nakala akapewa daktari wake, nyingine akapewa kaka, yangu nikaipiga picha ikakaa kwenye simu.

Sasa siku alipoanguka, mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki, nilifika mapokezi nimeshika ile karatasi nikidhani wananisubiri mimi. Hawakunisubiri. Walikuwa wameshampeleka kupigwa picha ya ubongo, maana kiharusi cha damu kuganda dawa ya kuyeyusha lile bonge la damu kwa kawaida inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya hapo lazima wahakikishe sio cha kuvuja damu. Muuguzi akanieleza vizuri tu, kwamba kwenye dharura inayotishia maisha, kama mgonjwa hawezi kuongea na hakuna katazo lake linalojulikana, wanaokoa kwanza. Walichotaka kwangu muda ule ni taarifa: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, anatumia dawa gani, kitu gani kinamdhuru. Hayo yajueni jamani, yanaokoa muda kuliko karatasi yoyote.

Karatasi ilikuja kufanya kazi baadaye, mama akiwa mahututi kwenye mashine, walipotaka kumtoboa koo ili mrija wa kupumulia utoke mdomoni upite kooni. Kaka yuko mbali, anapiga simu anasema mama asiguswe mpaka afike, yeye ndo mkubwa. Sikubishana naye. Niliomba daktari tukae chumba cha pembeni, nikaweka simu spika, daktari akaisoma ile karatasi kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari kwa mstari, alipofika pale "nikiweza kurudi nikawajua wanangu" kaka akanyamaza kabisa. Afu daktari akatuuliza swali ambalo naona ndo lenyewe hasa, hakuuliza sisi tunataka nini, aliuliza, "Mama angeweza kuongea sasa hivi, angesema nini?" Nikamuuliza tumaini lipo kiasi gani, akasema anafungua macho na akiambiwa abane mkono anabana kwa upande ule mzima. Basi jibu lilikuwa limeshaandikwa na mama mwenyewe. Kaka akasema, "Saini mdogo wangu." Nikasaini.

Kuna dada mmoja wa Florida, Marekani, Terri Schiavo, alianguka mwaka 1990 akiwa na miaka 26, fahamu haikurudi na hakuwa ameacha maandishi yoyote, mume akasema mrija wa chakula utolewe wazazi wake wakasema ubaki, kesi mahakamani miaka na miaka mpaka 2005 alipofariki baada ya mrija kutolewa. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema wote walikuwa wanampenda na hawakuwa na pa kuangalia alichokitaka yeye.

Na kitu watu wanasahau, mamlaka haya sio ya kudumu. Mama alipoanza kuelewa na kujibu, hata kabla sauti haijarudi vizuri, daktari akawa anamuuliza yeye, anamweleza, anahakikisha ameelewa, na mimi nakaa pembeni. Kuna dawa aliikataa, mimi ningemkubalia, lakini alikuwa anajua anachokataa na wakamheshimu. Alipopata nguvu tuliipitia tena ile karatasi akaongeza jina la kaka awe wa pili endapo mimi sipatikani, na kaka naye kaanza kuandaa ya kwake, kamteua mkewe.