Mguu mzima ndio uliokuwa unakimbia

Aliyeniambia ni mtoto wa darasa la pili. "Mwalimu, mbona mguu wako mzima unakimbia?" Nilishindwa kumjibu. Miezi saba nilikuwa natembea na mguu bandia wa kushoto, baada ya kukatwa chini ya goti kwa ajali ya bodaboda, na muda wote huo macho yangu yalikuwa kwenye huo wa bandia.

Jioni nilimwomba mume wangu anirekodi kwa simu nikitembea. Mtoto alisema kweli. Mguu wa kulia, ule usiokatwa, ulipiga hatua fupi, ya haraka, ukiwahi kutua. Ukiwa hewani, uzito wote hubaki juu ya mguu bandia, nami nilikuwa siuamini. Kila nikiukanyaga, kiwiliwili kilikuwa kinalalia kushoto. Kumbe kiuno kilichokuwa kinaniuma usiku kilitokana na hayo, wala si viti vya ofisini.

Kliniki, dada wa mazoezi ya viungo alianza na soksi, zile zinazovaliwa juu ya kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki. Kigutu husinyaa, hasa mwaka wa kwanza, na soketi, yaani kikombe cha mguu bandia ambamo kigutu huingia, inabaki kubwa. Mimi nilikuwa bado navaa soksi moja ile ile niliyopewa siku ya kwanza. Alinionyesha alama kwenye ngozi: mkandamizo ulitakiwa uwe kwenye kano, chini kidogo ya pia ya goti, wangu ulikuwa kwenye pia yenyewe, maana kigutu kilikuwa kinazama. Nikiunyanyua mguu, soketi inashuka, mguu unakuwa mrefu na kidole kinakwaruza chini. Ndiyo maana nilikuwa naurusha kwa nje. Tuliongeza soksi mbili, kukwaruza kukaisha siku hiyo hiyo. Laiti ningeambiwa mapema!

Akauliza pia kuhusu viatu. Mguu bandia ulipangwa nikiwa na viatu vya kazini vyenye kisigino, nami nyumbani nilivaa ndala. Kisigino kikishuka, mguu unaegemea nyuma na kulisukuma goti nyuma. Ndala nikaziacha.

Woga ndio ulionichelewesha. Dada aliweka mizani chini ya mguu bandia, na chini ya ule mwingine ubao wa kimo kile kile. "Mwalimu, simama sawasawa." Nikasimama, nikiwa na hakika nimegawa uzito nusu kwa nusu. Nina kilo 68. Mizani ikasoma 21. Nilitazama ile namba nikalia. Nilirudia kila asubuhi nikiwa nimeshika meza, na ilichukua wiki mbili kufika 34. Kisha likaja zoezi la kigoda: kuupandisha mguu mzima juu yake polepole, bila kishindo, na kuushusha hivyo hivyo, ili ule wa bandia ubebe kilo zote 68. Usiku nalala kwa ubavu wa kulia nikinyanyua paja la kushoto mara 30, kuimarisha nyonga.

Sasa najipima kwa sikio. Sakafu ya varanda ya shule ni ya saruji; hatua zikilingana, mlio unalingana. Mchana nikichoka, ule wa kulia huanza tena kuwahi, nami husikia kabla mwili haujahisi. Hapo naingia ofisini, nafunga mlango, naongeza soksi moja kutoka kwenye mkoba, halafu narudi darasani.