Ufa ulionyooka hivyo?

Tangu Jumanne neno la Babu wa Kirumba linanizunguka kichwani kama mbu aliyeingia ndani ya neti. Alikuja kuchukua randa yake ya kulainishia mbao. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye dirisha la zamani la upande wa ziwa ninalolikarabati, lile ambalo mmechoka kusoma habari zake hapa. Hakusema limependeza wala limeharibika. Akainama, akapitisha kidole gumba chini ya kizingiti, akarudia tena.

"Mwanangu, huu mfereji ulikukosea nini?"

Nikasema, babu, ni ufa, nimeuziba.

"Ufa ulionyooka hivyo?"

Akabeba randa yake akaenda zake.

Ninavyoosha vyombo namjibu, nikilala namjibu, na kila mara ananishinda. Ufa wa mbao ya mvule haunyooki kama rula, wala haufuati ukingo sentimita moja na nusu toka mwanzo hadi mwisho. Fundi wa zamani aliuchonga makusudi. Maji yakifika ukingoni hayadondoki yote. Mengine yanashika mbao na kutambaa kwa chini kurudi ukutani. Yakikuta mfereji hayawezi kuuvuka, yananing'inia pale mpaka yaanguke nje. Ukiuziba, yanaingia kwenye lipu, na mvua ya ziwani inakuja imelala. Kumbe ndivyo ningeozesha kile kiraka nilichohangaika nacho: kukata palipooza mpaka mbao nzima, kuunga mvule kwa mvule, nyuzi zikielekea upande mmoja.

Kinachouma ni kwamba magumu yote niliyapatia. Rangi kuukuu niliikwangua ikiwa imelowa, maana rangi za zamani mara nyingi huwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Skrubu za bawaba nilisafisha kwanza mfuo wa bisibisi, nikazigonga kidogo ndipo nikazifungua. Kioo kipya kilikatwa pungufu ya milimita 3 kwa urefu na upana, ili mbao ikivimba kisipasuke. Kabla ya pati, ule ute mzito wa kushikilia kioo, nilipaka mbao mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani). Mbao kavu hunyonya mafuta ya pati, pati inabaki chaki tupu na kupasuka. Nikatandaza pati, nikakandamiza kioo kwa pembeni (ukikandamiza katikati utalia), nikapiga vimisumari kila sentimita 15, ndipo pati ya nje, mshazari. Mliouliza kama gundi ya silikoni inafaa badala ya pati: hapana. Rangi haishiki juu yake, na siku kioo kikivunjika mtakwangua mpaka mchukie nyumba.

Alhamisi alfajiri, kabla ya pilika za harusi ya mdogo wangu, nilichukua patasi ya milimita 6 nikapiga magoti pale chini. Pati ya linsidi niliyozibia mfereji haikauki upesi, tena sikuwa nimeipaka rangi. Ikatoka ndefu, laini, kama tambi. Chini yake mfereji ukatokea mzima, na alama za patasi ya yule fundi wa zamani bado zimo, fupi fupi, zimelalia upande mmoja. Nadhani alikuwa wa mkono wa kushoto.

Nikamwaga kopo la maji juu ya kizingiti. Yakateleza, yakazunguka ukingo, yakafika kwenye mfereji, yakasita. Tone. Tone. Yote nje, juu ya majani. Ukuta mkavu. Nikacheka peke yangu, nikamwaga kopo la pili, na la tatu halikuwa na sababu yoyote.

Rangi itasubiri wiki moja au mbili, pati ifanye ngozi. Nitaipaka asubuhi, ipite kidogo juu ya kioo, milimita 2, maji yasipenye kwenye maungio. Jioni nitazima taa ya upande ule, la sivyo vijidudu vya ziwani vitaganda humo kwa maelfu.

Babu sijampigia. Nataka apite mwenyewe na kidole chake.