Kadi inaisha mwezi wa tatu

Jamani, kadi yangu ya kijani, ile ya ukaazi wa Marekani, inaisha mwezi wa tatu. Miaka 10 hiyo! Sasa ama nilipie nyingine, ama nikafanye mtihani wa uraia wa Marekani.

Mtihani wenyewe haunitishi. Maswali ya kusoma ni 128, afisa anakuuliza hadi 20, ukipata 12 umepita. Nakariri kwenye basi nikienda zamu ya usiku, na mwanangu ananisahihisha: "Mama, maseneta ni 100, sio 50!"

Kinachoninyima usingizi ni nyumbani. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Nikiapa huku, pasipoti ya kwetu ndiyo basi, na kiwanja changu cha Tanga kinaingia utata, maana asiye raia hamiliki ardhi kirahisi kama raia. Jirani yangu Mkenya ananicheka tu. Wao Katiba ya 2010 iliwamalizia habari hii.

Ila kadi nayo ina kamba yake. Mwaka juzi mama aliugua, nikamuuguza miezi saba. Kurudi, uwanja wa ndege nikahojiwa kama mwizi wa kuku. Ningepitisha mwaka bila kibali, wangesema ukaazi nimeutupa mwenyewe.

Juzi nikampigia mama kumwuliza. Kasema, "Jaza tu hizo karatasi zao, mwanangu. Lakini kiwanja mwandikishe mdogo wako kwanza."

Fomu ya uraia iko mezani tangu Jumapili. Mpaka sasa nimejaza jina tu.