Kichanja cha pasheni na milingoti ya mkonge

Mipasheni yangu miwili ilikuwa imeshatambaa hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo, mke wangu akaniambia nichague: pasheni au mashuka. Ndipo nikajenga kichanja.

Hapa Tanga nguzo nyepesi ya bei nafuu ni mlingoti wa mkonge, lile bua refu ambalo mkonge hulitoa mara moja tu, kisha ukafa. Nilipata sita kwa kijana mmoja wa Pongwe. Nikachimba mashimo ya futi mbili, nikaisimamisha, juu nikatandaza kamba za katani. Siku mbili tu, nikajiona fundi.

Jirani yangu, mzee aliyekulia baharini, alikuja kutazama. "Mwanangu, hiki kichanja au tanga la jahazi?"

Nilicheka. Kumbe ubavu wote nilikuwa nimeuelekeza kusini-mashariki. Masika ikaozesha kamba, majani yakafungamana, na Kusi, upepo utokao upande huohuo, ilipokaza mwezi wa sita niliamka nikakuta nguzo nne zimelala. Kuzing'oa, mguu wote uliokuwa ardhini mchwa wameshautafuna.

"Shikamoo mzee, nimekuja kuulizia tanga," nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipa vipande vya boriti za mkoko vilivyobaki alipobomoa banda lake. Vipande hivyo ndivyo nilivyovizika ardhini. Milingoti nikaifunga ubavuni mwake kwa waya, ikiwa shubiri moja juu ya udongo. Juu nikavuta waya mnene badala ya katani, na safari hii kichanja kikaukabili upepo kwa ncha.

Haikupita miezi mingi nikaona matundu kwenye milingoti, ya mviringo safi kama yaliyotobolewa kwa keekee. Ni wale nyuki weusi wakubwa wanaovuma kama pikipiki. Nikapanga kupiga dawa. Bahati nzuri siku hiyo nilikuwa nyumbani adhuhuri, saa ambayo ua la pasheni ya njano hufunguka, nikawaona wakiingia huku migongo imejaa chavua. Pasheni hii haizai kwa chavua yake yenyewe, lazima itoke mti mwingine, na nyuki wadogo huramba utamu bila kufikia kule juu chavua inakoshikwa.

Dawa nikairudisha dukani. Mlingoti mmoja wameutoboa mpaka unatikisika. Nimeuongezea fito pembeni.