Leseni ni ya Mnunuzi au ya Ubao Mama?

Ubao mama wa kompyuta yangu, yaani ubao mkuu unaounganisha vipuri vyake vyote, ulipoungua, niliufungua kwa bisibisi, nikafunga mwingine, kisha nikarudishia diski ileile na memori zilezile. Kompyuta iliwaka vizuri na mafaili yangu yote yalikuwepo, ila pembeni chini ya skrini palitokea maandishi hafifu yakinitaka niamilishe, yaani nithibitishe leseni ya, mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) ambao nilikwisha kuulipia. Muuzaji aliniambia kwamba leseni yangu ilikufa pamoja na ubao ule.

Kinachoniuma ni kwamba, kwa mujibu wa mkataba, alisema kweli. Leseni inayokuja ndani ya kompyuta mpya kwa kawaida hufungamanishwa na ubao mama wake wa kwanza, ilhali ile inayouzwa peke yake, ambayo bei yake huwa juu zaidi, huweza kuhamishiwa mashine nyingine. Mnunuzi haelezwi tofauti hiyo kabla ya kulipa. Huikuta katikati ya masharti marefu yanayojitokeza siku ya kwanza anapowasha kompyuta, wakati fedha zimekwisha kutoka mfukoni.

Hata mahakama hazijakubaliana. Mwaka 2010, katika kesi ya Vernor, aliyekuwa akiuza nakala zilizotumika, dhidi ya Autodesk, kampuni inayotengeneza programu, mahakama ya rufani nchini Marekani iliamua kwamba aliyepewa programu kwa leseni yenye vizuizi vizito si mmiliki wa nakala aliyo nayo. Tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft, wauzaji wa leseni zilizotumika, na Oracle, watengenezaji wa programu, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba aliyelipia leseni isiyo na kikomo cha muda anaweza kuiuza tena, hata kama aliipakua kupitia intaneti, mradi nakala yake mwenyewe aifanye isitumike tena. Mimi naona Ulaya ndiyo iliyotenda haki, kwa maana aliyelipa mara moja kwa matumizi ya kudumu amenunua, hata mkataba uliite jambo hilo kwa jina gani.

Masharti haya hayakushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2006 Microsoft walitangaza kwamba leseni ya dukani ya mfumo wao endeshi wa Windows Vista ingeweza kuhamishwa mara moja tu. Wanaojiundia kompyuta wakapiga kelele, na Novemba mwaka huohuo sharti hilo likalegezwa. Ninachodai sasa ni kidogo kuliko walichodai wao: bei inapotajwa, iandikwe papo hapo, kwa maandishi yanayosomeka, kama leseni inahamishika au la.