Nilivyoandika stori ya mama mmoja na nauli yake, michango ikaja

Mi naandikia shirika dogo linalosaidia watoto wanaozaliwa na nyayo za kupinda, kazi yangu ni stori za kuombea michango, na kilichonisaidia kuliko vyote ni kuachana na "watoto wengi wanateseka" nikakaa na mama mmoja tu mpaka nielewe anakwama wapi.

Maana matibabu yenyewe ya njia ya Ponseti hayahitaji upasuaji mkubwa. Mguu unanyooshwa taratibu unafungwa POP, yani plasta ngumu, wiki ijayo inafunguliwa unanyooshwa tena inafungwa nyingine, hivyo hivyo wiki tano sita, halafu viatu vyenye chuma katikati saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baada ya hapo usiku tu mpaka mtoto afike kama miaka minne. Sasa nikamwambia yule mama, dada hebu nielezee siku ya kliniki toka unaamka. Akasema anatoka kungali giza, POP ameivisha nailoni isilowe, bodaboda mpaka barabarani ndo asubiri basi, na nauli kakopa kwenye kikoba, na wiki ijayo ni hivyo hivyo. Hapo ndo stori ilipo jamani, watu wanadhani tatizo ni dawa kumbe ni nauli!

Takwimu zote nikazitoa kwenye stori nikazipeleka kwenye bajeti, na sababu ninayo. Kuna utafiti wa 2007 wa Small, Loewenstein na Slovic, watu walikuwa na dola 5 mkononi, waliosoma habari za binti mmoja wa Mali walichangia wastani wa dola 2.38, waliopewa takwimu tupu 1.14, waliopewa vyote viwili 1.43 tu. Yani namba zilipunguza huruma.

Kabla ya kutuma nilimsomea mama neno kwa neno. Akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo ya baba yake toa, mtoto atakuja kuisoma." Nikatoa, japo najua ingeliza watu, na picha tukapiga miguu tu bila sura, stori ni ya kwao sio ya shirika.

Mwisho nikaomba kitu kimoja, nauli ya wiki sita, kiasi nimekitaja waziwazi. Hela zikaanza kuingia kwa simu, elfu tano, elfu kumi, na wengi wanauliza huyu akimaliza kuna mwingine? Yupo, nishaanza kuongea nae.